Kisa cha Fosen: leseni ilibatilishwa, mitambo ikabaki

Tarehe 11 Oktoba 2021, majaji 11 wa Mahakama ya Juu ya Norwei walitoa hukumu kwa kauli moja. Leseni iliyoruhusu kujengwa kwa vituo viwili vya umeme wa upepo katika rasi ya Fosen ni batili, walisema, kwa kuwa vituo hivyo vinavunja haki ya wafugaji wa Kisami, watu wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, ya kuishi utamaduni wao. Siku hiyo mitambo 151 ilikuwa imeshasimama na inazunguka. Kesho yake ikazunguka. Mwaka ukapita, bado inazunguka.

Wengi waliofuatilia habari hii kwa mbali walihitimisha kwamba serikali imeikaidi mahakama. Kuna ukweli humo, ila si wote. Mahakama haikuamuru mitambo ing'olewe, na haikuwa na nafasi ya kuamuru hivyo, maana hakuna aliyeipelekea ombi la namna hiyo. Kesi yenyewe ilikuwa ya kukadiria fidia. Iliingia kwa mlango huo, ikapanda ngazi zote tatu kwa mlango huo, na mwisho ikatoa kile ambacho mlango huo unaruhusu. Kwa anayetaka kujua mahakama za Norwei zimepangwaje na zinafanyaje kazi, sijui kisa kinachofundisha zaidi ya hiki.

Mlima mmoja, wenye haja wawili

Fosen iko mkoa wa Trøndelag, katikati ya Norwei, ng'ambo ya ghuba kutoka mji wa Trondheim. Wanaofuga kulungu wa kaskazini huko ni Wasami wa kusini, waliogawanyika katika makundi mawili: Sør-Fosen sijte upande wa kusini na Nord-Fosen siida upande wa kaskazini. Ni familia chache tu. Mifugo yao huhama kwa majira, na kipindi kigumu kuliko vyote ni mwisho wa majira ya baridi, theluji inapokuwa imeganda na chakula kimefunikwa. Hapo ndipo vilele vya Storheia na Haraheia vinapookoa kundi: upepo mkali hupeperusha theluji, ardhi ikabaki wazi kiasi, na wanyama wakapata cha kung'ata.

Upepo huohuo ndio uliowaleta wahandisi. Mwaka 2010 mamlaka ya taifa ya maji na nishati ilitoa leseni kwa vituo vya Storheia na Roan, cha pili kikiwa juu ya Haraheia. Wafugaji wakakata rufaa kwa Wizara ya Mafuta na Nishati. Mwaka 2013 wizara ikaikataa. Mwenye mradi alikuwa Fosen Vind, kampuni ambayo sehemu kubwa ya hisa zake ni ya Statkraft, shirika la umeme la dola. Kwa hiyo wizara ya serikali ilikuwa ikiamua juu ya mradi ambao dola lenyewe lina mkono ndani yake. Halikuwa kosa kisheria, lakini mfugaji aliyekaa upande wa pili wa meza hakukosa kuliona.

Pamoja na leseni, kampuni ilipewa mamlaka ya kutwaa haki za malisho kwa fidia. Ikapewa pia kitu cha tatu ambacho ndicho nitakachokirudia: ruhusa ya kuingia ardhini na kuanza ujenzi kabla mahakama haijamaliza kazi yake. Ujenzi ulianza 2016. Mwishoni mwa 2018 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi wa rangi iliiomba Norwei isimamishe kazi za Storheia mpaka malalamiko yasikilizwe. Norwei haikusimamisha. Kufikia 2020 vituo vyote viwili vilikuwa vinauza umeme: mitambo 80 Storheia, 71 Roan.

Mlango wa fidia

Norwei haina mahakama ya katiba. Haina pia mahakama maalumu za utawala, tofauti na jirani yake Sweden. Mtu anayegombana na wizara huenda kwenye mahakama ileile inayosikiliza talaka, wizi na ugomvi wa mipaka ya viwanja. Chini kabisa, katika manispaa, kuna mabaraza ya usuluhishi yanayoendeshwa na raia wa kawaida wasio wanasheria. Madai mengi madogo ya fedha huanzia huko na mengi huishia huko. Juu yake kuna mahakama za wilaya, halafu mahakama sita za rufani zilizogawana nchi kijiografia, na kileleni Mahakama ya Juu iliyoko Oslo tangu 1815. Ziko mahakama chache za pembeni, kama ya migogoro ya kazi na zile za kugawa upya ardhi za mashamba, lakini mkondo mkuu ni mmoja.

Ndani ya mkondo huo mna utaratibu wa pekee kwa kesi za kutwaa ardhi. Sheria yake ni ya mwaka 1917. Hakimu huketi na wajumbe wanne wasio mahakimu, waliochaguliwa kwa ujuzi wao wa jambo linalokadiriwa. Msomaji wa Tanzania atawafikiria wazee wa baraza, ila hawa wa Norwei hawaishii kutoa maoni: kila mmoja ana kura sawa na ya hakimu.

Mambo mawili katika utaratibu huu yalikuwa na uzito mkubwa kwa wafugaji wa Fosen, na mara nyingi hayatajwi kwenye simulizi za kisa hiki.

La kwanza: anayefungua shauri ni yule anayetaka kutwaa. Kampuni ndiyo iliyokwenda mahakamani, wafugaji waliitwa. Kwa kanuni, mtwaaji ndiye anayebeba gharama za lazima za upande wa pili, wakili akiwemo. Familia chache za wafugaji zisingeweza kirahisi kuishtaki wizara kwa fedha zao, zikakabiliana na mawakili wa serikali miaka minane. Kwa mlango wa fidia, walifikishwa mahakamani na mtu mwingine, na kwa sehemu kubwa kwa gharama yake.

La pili ni la kisheria zaidi. Kabla ya kukadiria fidia, mahakama inatakiwa kwanza ijiridhishe kwamba utwaaji wenyewe ni halali, kwani hakuna maana ya kupanga bei ya kitu ambacho mtwaaji hana haki ya kukichukua. Kwa hiyo katika shauri linaloonekana kuwa la hesabu tupu, swali la uhalali wa leseni linaweza kuulizwa, hata kama leseni hiyo imetolewa na mamlaka ya taifa na kuidhinishwa na waziri. Mawakili wa wafugaji walipitishia hoja ya haki za binadamu kwenye ufa huo.

Ngazi ya kwanza na ya pili

Mahakama ya wilaya ya Inntrøndelag ilitoa uamuzi wake 2017. Iliona leseni ni halali, ikapanga fidia. (Ukiitafuta mahakama hiyo leo hutaipata. Mwaka 2021 Norwei ilipunguza mahakama za wilaya kutoka 60 hadi 23, na Inntrøndelag ikamezwa na mahakama kubwa ya Trøndelag. Mabadiliko hayo yalizua kelele nyingi za kisiasa, lakini hayakugusa kesi hii.)

Rufani ilikwenda Frostating, mahakama ya rufani iliyoko Trondheim, iliyotoa uamuzi Juni 2020. Nadhani huu ndio uamuzi wa kuvutia kuliko yote, kwa sababu unawapa wafugaji karibu kila kitu isipokuwa jibu. Mahakama ilikagua ushahidi wa tabia ya kulungu karibu na mitambo na kukubali kwamba wanyama huikwepa. Ikasema Storheia na Haraheia, kwa vitendo, zimepotea kama malisho ya baridi. Ikakubali pia kwamba hasara hiyo, ikiachwa hivyohivyo, ingelazimisha kupunguza mifugo na kuhatarisha ufugaji wenyewe Fosen.

Kisha ikaziba shimo kwa fedha. Fidia ikapandishwa sana, kufikia karibu kroner milioni 90 kwa makundi yote mawili, kwa hesabu kwamba sehemu ya kundi itafungiwa zizini wakati wa baridi na kulishwa chakula cha kununua. Kwa kuwa fedha za chakula zipo, ikasema Frostating, mifugo haitalazimika kupunguzwa; na kwa kuwa haitapunguzwa, haki za binadamu hazijavunjwa.

Hakuna aliyeridhika. Kampuni ilikata rufani kwa kuona fidia imekokotolewa vibaya na imezidi mno. Wafugaji wa kusini na wa kaskazini nao wakakata rufani, wakidai leseni ni batili. Wizara, ambayo haikuwa mhusika wa moja kwa moja katika shauri la fidia, ikaomba kuingia na kusimama upande wa kampuni.

Majaji 11

Kufika Mahakama ya Juu si haki ya kila mkata rufani. Kamati ya majaji watatu huchuja maombi, na sehemu ndogo tu hupita: yale yenye swali la sheria litakalohusu watu wengine pia. Mahakama ina majaji 20. Kesi ya kawaida husikilizwa na watano. Zile zenye uzito wa pekee hupelekwa kwenye jopo kubwa la majaji 11, na chache sana hukalisha mahakama nzima, kama ilivyokuwa katika kesi ya bwawa la Alta iliyoamuliwa 1982, ambako serikali ilishinda dhidi ya Wasami. Fosen ilipewa jopo kubwa.

Hapa pana mpaka muhimu. Katika mashauri ya fidia, Mahakama ya Juu inaruhusiwa kupima tu jinsi sheria ilivyotumika na jinsi shauri lilivyoendeshwa. Haikadirii upya. Haiiti mashahidi waje kueleza kulungu anaogopa nini. Kwa hiyo picha ya Frostating kuhusu malisho yaliyopotea ilikuja juu ikiwa imeshachorwa, na kampuni haikuwa na uwanja mpana wa kuifuta. Walichoulizwa majaji ni kama sheria, ikiwekwa juu ya picha hiyo, inatoa jibu lilelile.

Sheria yenyewe ni Ibara ya 27 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, inayosema kwamba watu wa jamii za wachache wasinyimwe haki ya kufurahia utamaduni wao pamoja na wenzao wa jamii hiyo. Norwei iliuridhia mkataba huo 1972, na kwa Sheria ya Haki za Binadamu ya 1999 ukawa sheria ya ndani, tena yenye nguvu kuliko sheria nyingine zinapogongana. Majaji wa kesi ya Alta hawakuwa na sheria hiyo mezani.

Ufugaji wa kulungu ni utamaduni unaolindwa. Hilo halikubishaniwa sana. Ugomvi ulikuwa juu ya kiasi cha madhara, na juu ya kama madhara yanaweza kusawazishwa. Majaji walisema yafuatayo, kwa muhtasari wangu. Chakula cha zizini hakikupaswa kuingizwa kwenye mizani: mpango huo haukuwa umejaribiwa vya kutosha, na unakwenda mbali na ufugaji wa jadi ambao ndio unaolindwa. Ukiutoa, kinachobaki ni matokeo ambayo Frostating yenyewe iliyakubali, yaani hasara kubwa kwa uwezo wa wafugaji kuendelea. Hapo Ibara ya 27 imevunjwa.

Na umeme safi je? Serikali iliegemea sana hoja hii, na si hoja ya kupuuzwa. Jibu la majaji ni kwamba Ibara ya 27 hairuhusu kupima haki ya wachache dhidi ya manufaa ya wengi kwa jumla, kwani hapo wachache watashindwa kila mara. Ingekuwa haki ya msingi dhidi ya haki ya msingi nyingine, mathalani haki ya mazingira salama, mizani ingewezekana. Lakini Norwei ingeweza kuendeleza umeme wa upepo mahali pengine pasipoumiza kiasi hiki, na hilo likaikata hoja.

Hukumu za Norwei zina desturi nzuri: jaji mmoja huandika maoni kamili, na wenzake hutamka mmoja mmoja kama wanakubali au la. Hapa wote kumi walikubali. Leseni na mamlaka ya kutwaa vikawa batili, na shauri la kukadiria fidia likakosa pa kusimama.

Kimya baada ya hukumu

Hivyo basi wafugaji walishinda, na ushindi ulipofika mikononi mwao ulikuwa na umbo la ajabu. Hukumu haikusema mitambo iondoke. Haikusema ibaki. Haikuweka tarehe, haikuagiza wizara ifanye nini. Wafugaji waliielewa hivi: leseni batili, basi mitambo haramu, ibomolewe. Wizara ikaielewa hivi: leseni ni batili kwa jinsi ilivyotolewa, na ni juu ya mamlaka iliyoitoa kuifikiria upya, ikusanye taarifa mpya na kutafuta namna ya mitambo na mifugo kukaa pamoja. Fedha za Frostating nazo zilikuwa zimeanguka pamoja na shauri la fidia. Kwa muda, walioshinda walikuwa hawana malisho wala fidia.

Nikiisoma hukumu kama mwanasheria, siwezi kuwalaumu majaji. Mahakama inayoletewa swali la fidia na kujibu swali la ubomoaji imejigeuza kuwa wizara. Ila siwezi kuisifu wizara pia. Mahakama ya juu kabisa ya nchi ilikuwa imesema, bila hata jaji mmoja kupinga, kwamba haki za binadamu zinavunjwa. Na uvunjaji huo ulikuwa wa kila siku, kila majira ya baridi. Kukaa chini kuandaa mchakato wa taarifa mpya kwa mwendo wa kawaida wa ofisi ni kuichukulia hukumu kama barua nyingine tu kwenye jalada.

Tarehe 23 Februari 2023 zilitimia siku 500 tangu hukumu. Vijana wa Kisami, akiwemo mwanamuziki Ella Marie Hætta Isaksen, wakaingia katika ukumbi wa wizara mjini Oslo na kukataa kutoka. Polisi wakawabeba nje. Maandamano yakaenea kwenye milango ya wizara nyingine, Greta Thunberg wa Sweden akajiunga nao, na picha zikazunguka dunia. Tarehe 2 Machi Waziri wa Mafuta na Nishati, Terje Aasland, aliomba radhi kwa wafugaji kwa niaba ya serikali, na serikali ikatamka waziwazi kile ilichokuwa ikikizungukazunguka: uvunjaji wa haki za binadamu ulikuwa unaendelea.

Baada ya hapo kisa kilitoka mahakamani moja kwa moja. Mazungumzo kati ya Fosen Vind na kundi la kusini yaliongozwa na msuluhishi wa taifa, ofisi ambayo kazi yake ya kawaida ni kuzuia migomo ya wafanyakazi. Desemba 2023 yakazaa makubaliano: kampuni italipa kroner milioni 7 kila mwaka kwa muda wote wa leseni, serikali itatafuta malisho ya ziada ya baridi yawe tayari kufikia msimu wa 2026/27, na muda wa leseni ukiisha, kituo hakiwezi kuongezewa muda bila ridhaa ya wafugaji. Kundi la kaskazini lilifikia makubaliano yake kuhusu Roan Machi 2024.

Kilichokosewa kilikosewa wapi?

Baadhi ya wachambuzi wamesema Fosen inaonyesha udhaifu wa nchi isiyo na mahakama ya utawala. Kwamba kungekuwa na mahakama maalumu ya kupima leseni, swali la haki lingeulizwa mapema na kwa jina lake. Sina hakika. Mahakama za kawaida za Norwei zilikuwa na uwezo wote wa kulipima, na hatimaye zililipima vizuri. Wafugaji wangeweza pia kuishtaki wizara moja kwa moja mwaka 2013 na kuomba zuio. Ila wangebeba wenyewe hatari ya gharama, na ombi la zuio dhidi ya mradi wa mabilioni si jambo ambalo hakimu hulikubali haraka.

Naona kosa liko kwenye ile ruhusa ya kuingia ardhini kabla. Kutoka wizara kukataa rufaa hadi majaji 11 kuketi ilikuwa miaka minane. Kutoka kuanza ujenzi hadi umeme kuuzwa ilikuwa minne hivi. Ukiruhusu ujenzi uanze bila kusubiri hukumu, basi mahakama, hata iwe huru na yenye weledi namna gani, itafika eneo la tukio ikikuta zege limekauka. Ruhusa hizo ni za kawaida katika miradi ya barabara na umeme, na mara nyingi hazina madhara kwa kuwa kinachobishaniwa ni bei tu. Fosen haikuwa kesi ya bei, na wizara ilijua hivyo tangu rufaa ya kwanza ya wafugaji; na 2018, ombi la kamati ya Umoja wa Mataifa lilipofika, ilikumbushwa tena.

Jambo la mwisho ni hilo la malisho ya ziada. Kati ya yote yaliyokubaliwa, ndilo lililo karibu zaidi na kile kilichopotea, na ndilo gumu kulitimiza. Ardhi ya baridi yenye vilele vilivyosafishwa na upepo haimo kwenye ghala la serikali ikisubiri kugawiwa. Katika Norwei ya kati ardhi ya aina hiyo kwa kawaida ina mtu anayeitumia tayari, na mara nyingine mtu huyo naye ni mfugaji wa kulungu.